Mapovu Mferejini

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia mfereji, ule wa kawaida kabisa ambao mkulima huuchimba pembeni mwa shamba ili maji yasimwozeshee mimea.

Uholanzi ina zaidi ya kilomita 300,000 za mifereji na mitaro. Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1932 walikamilisha Afsluitdijk, ukuta mrefu wa kuzuia bahari, ghuba ya maji chumvi ikawa ziwa la maji baridi, na humo wakakausha mashamba ya Flevoland. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini maji ya shambani lazima yapite mahali.

Siku ya joto, simama ukingoni uchome tope kwa fimbo ndefu. Mapovu yatapanda mfululizo na kupasukia kati ya magugu maji. Hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, gesi inayopasha anga joto. Kule chini hakuna oksijeni. Majani yaliyooza na samadi iliyosombwa na mvua huliwa na vijidudu vinavyotoa gesi hiyo. Kilo moja yake hupasha anga joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100.

Bahari ilipokuwapo, tope lilikuwa na kinga. Maji chumvi yana salfeti, aina ya madini yaliyoyeyuka, na bakteria wanaoitumia huwanyang'anya chakula wale watoao methani. Ukiizuia bahari, mvua huisuuza ile chumvi mwaka baada ya mwaka, na kinga hupungua. Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu: ukuta unaookoa shamba ndio unaoufungulia mfereji njia ya kutoa methani.

Mwongozo wa 2013 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kuhusu ardhi oevu unakadiria kuwa, penye udongo wa mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini, uliokaushwa sana katika nchi zisizo za tropiki, hekta moja ya mifereji hutoa kilo 1,165 za methani kwa mwaka. Malisho yaliyo kando yake hutoa kilo chache tu. Ukipima shamba ukauruka mfereji, umepima nini?

Kwetu, katika delta ya Rufiji, mikoko imekatwa ikapandwa mpunga. Vijana wa vyuo mlio hapa, nawaombeni mwende mkapime methani ya mifereji yake. Ndoo iliyofunikwa kifudifudi juu ya maji, boya la kuielesha, mrija, na sindano ya kuvutia hewa ipelekwe maabara. Anzeni na hivyo, msimu huu wa mvua.