Ghafla ya Siku ya Tisa

Mhadhara kwa wauguzi, wakunga na wazazi, Tanga

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na aliyenipa ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa mbele kabisa na simu yake ameiweka juu ya meza.

Kuna neno nimeligombea miaka mingi, na wenzangu wa wodini wameshachoka kunisikia. Neno lenyewe ni "ghafla". Mtoto mchanga mwenye shida ya moyo akiletwa usiku, mzazi atakwambia, "Sista, imetokea ghafla, jana alikuwa mzima." Na sisi tunaandika hivyohivyo kwenye faili, halafu tunashusha pumzi, maana jambo la ghafla halina mwenyewe. Leo nataka tulivue nguo neno hilo.

Mwaka 2009 nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja. Sitaitaja, na mnaoijua mnyamaze. Saa nane na kitu wakaingia mume na mke wamepakiwa kwenye pikipiki, mtoto kafungwa kwa kanga mbili. Mtoto wa siku tisa. Alizaliwa na kilo 3.2, akalia, akanyonya, kesho yake wakaruhusiwa. Nilipomfungua alikuwa na rangi ya majivu. Si manjano, si bluu, majivu. Anapumua mbio, kulia hawezi. Nikamgusa miguu, baridi mpaka magotini. Mikono haikuwa baridi vile. Hilo nalikumbuka kwa sababu nilifanya kitu ambacho nusu yenu humu mngefanya: nilitafuta soksi.

Baba mtu alikuwa ameshika kadi ya kliniki kwa mikono miwili, ananionyesha uzito, ananionyesha chanjo. "Sista, tazama, kila kitu tumefanya." Sikumjibu. Nilikuwa natafuta mshipa.

Tukaandika maambukizi kwenye damu. Na msinielewe vibaya, mchanga aliyelegea, anayehema, asiyenyonya, mara nyingi ni maambukizi kweli, na dawa zake lazima apewe hata leo. Hilo sibishani na mtu. Tukampa ampisilini, tukampa jentamaisini, tukamwekea oksijeni. Alfajiri, adhana inaadhiniwa, mtoto akatutoka.

Mama yake aliniuliza kitu kimoja tu: "Nilimfanya nini?" Nikamjibu, kazi ya Mungu, mwanangu. Ni kazi ya Mungu, ndiyo. Lakini nililisema haraka, ili nami nipate kuondoka pale.

Wiki kadhaa baadaye nikaenda kwao kutoa pole. Nikakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Mawifi wamesema mtoto kabemendwa. Vijana mliozaliwa mjini msiojua, kumbemenda mtoto ni ile imani kwamba wazazi wakikutana kabla ya wakati, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto anadhoofika. Mtoto wa siku tisa! Mzazi hajamaliza arobaini, kukaa tu anakaa upande, nani alikuwa na nafasi ya kubemenda? Na nimewahi kuona, kwa mtoto wa miezi miwili mwenye tundu kwenye moyo, asiyeongezeka uzito, wazazi wake wanaoshwa kwa dawa na kusuluhishwa, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa shaka, na tundu liko palepale. Mnaona? Moyo wa mtoto una kasoro, ndoa ndiyo inayotibiwa.

Basi tukakaa mkekani, mimi na yule mama. Nikauliza maswali niliyotakiwa kuyauliza saa nane za usiku. Alikuwa ananyonyaje? Akasema vizuri, ila anachelewa. Anavuta mara tatu, mara nne, anaachia, anahema, anarudi tena. Ziwa moja saa nzima, na analala hajashiba. Tangu lini? Tangu siku ya tano hivi. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akanionyesha ndani ya kiwiko. "Hapa, Sista, kila akinyonya kanga inalowa." Jasho la kichwa. Akasema bibi yake alikuwa akimsifia, mtoto huyu mpole jamani, hata halii.

Ogopeni mtoto mpole. Narudia, ogopeni mtoto mchanga mpole asiyemaliza ziwa. Kwa mtoto wa wiki moja kunyonya ndiyo kulima, ndiyo kubeba zege. Hana kazi nyingine ngumu kuliko hiyo. Mkitaka kujua moyo wake una nguvu kiasi gani, mwangalieni akiwa kazini. Yule mtoto alikuwa ameshasema kwa siku nne.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, Sista, Tanga hii nani hatoki jasho? Mwezi wa pili hata ukuta unatoka jasho. Swali zuri na ninalipata kila mahali, kuanzia Pangani mpaka Mkinga. Jibu ni hili: mtoto wa joto anatoka jasho akiwa amelala, akiwa amefungwa nguo, mwili mzima, na ukimfungua anatulia. Huyu wa kwangu jasho linamtoka kwenye paji la uso na kisogoni, ananyonya, tena mwili wake mwingine pengine ni wa baridi, na pamoja na jasho anaachia ziwa ahemee. Jasho peke yake mwachieni. Jasho, kuachia ziwa, kuhema: vikikutana hivyo vitatu, mtoto apimwe siku hiyohiyo. Na mhesabu pumzi kwa dakika nzima, si robo dakika mkazidisha kwa nne. Akiwa ametulia zikipita 60, hiyo si tabia yake.

Sasa hiyo ghafla yenyewe inatoka wapi? Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayana kazi, hewa anaipata kwa mama. Kwa hiyo damu haina haja ya kupita yote mapafuni, inakatiza kwa njia ya panya, mshipa mfupi unaounganisha ile mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni. Akizaliwa, akalia, mapafu yakafunguka, njia hiyo inajifunga. Kwa watoto wengi ni siku mbili tatu, kwa wengine wiki moja, hata mbili. Sasa chukulia mtoto ambaye barabara yake kuu imebanwa, ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mwili mzima umekuwa mwembamba mahali fulani, baada ya kutoa matawi ya kichwa na mikono. Huyu kiuno, figo na miguu vinaishi kwa njia ya panya. Siku ya kwanza utamwona mzima. Atakojoa, atalia, mtamruhusu. Njia ikianza kuziba, miguu inapoa, figo zinakosa damu, moyo unasukuma ukuta. Hapo ndipo mnapoletewa pikipiki saa nane usiku.

Kwa hiyo mzazi anayesema ghafla hadanganyi. Ila kuziba kunachukua saa na siku, na katika saa hizo mtoto anaonyesha. Wapo ambao hawaonyeshi, nakubali, wapo ambao mishipa miwili mikubwa imebadilishana nafasi na siku ya kwanza tu wameshakuwa bluu. Na wapo ambao moyo unaanza tu kukimbia, mapigo 220 na zaidi kwa dakika, mama anasikia kifua cha mtoto kinagonga kama cherehani. Hao ni ghafla kweli, siwapakazii wazazi wao. Nazungumza habari za wale wengine.

Miezi kadhaa baada ya msiba ule, daktari wa watoto aliyekuja kutufundisha alinisikiliza kisa changu mpaka mwisho. Akauliza, "Mapigo ya kinena yalikuwaje?" Nikamwambia sikuyashika, na hapo kinenani ndipo unapojua kama damu inafika miguuni. Hakuniambia neno, akaendelea na somo lake. Mtoto yule hakupimwa eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, wala hakuchunguzwa maiti yake, kwa hiyo siwezi kushika msahafu nikaapa. Lakini miguu baridi na mikono yenye joto, nami nikaleta soksi!

Mwaka 2016 ndipo nilipolipa kidogo. Mtoto wa siku sita, mama amekuja kwa ajili ya kitovu tu, kitovu kinatoa majimaji. Nikamuuliza ananyonyaje. Akasema anachoka. Nikamlaza mtoto, nikashika mkono wa kulia, mapigo haya hapa. Nikashusha vidole kinenani. Kulia, kama kuna kitu, kama hakuna. Kushoto, hakuna. Nikabadilisha vidole, nikamwita mwenzangu ashike, akaniambia, "Dada, mtoto anarusha miguu, hatulii." Tukamsubiri atulie. Hakuna. Tukapiga simu, na jioni ile gari la wagonjwa likaondoka kwenda Dar, kilomita zaidi ya 300, baba yake kakaa mbele na dereva, amebeba pakiti ya pampasi na chupa ya chai. Kule kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wakampima eko, mshipa mkuu umebanwa. Akapasuliwa. Sasa yuko shule ya msingi na ni mtundu kupita kiasi. Kovu lake liko ubavuni kushoto, nyuma chini ya bega, maana mshipa ule unafikiwa kwa pale. Majirani hawaamini. Wanamuuliza mama, moyo gani unapasuliwa mgongoni?

Mtasema, Sista, wewe ulikuwa na bahati, sisi zahanati yetu haina eko, umeme wenyewe wa kubahatisha. Nani kawaambia mnunue eko? Vidole viwili mnavyo. Mashine ya eko inamwambia bingwa kasoro iko wapi, kazi yenu ninyi ni kumfikisha kwa bingwa akiwa bado ana joto. Miaka ya nyuma nilikuwa natetea kwa unyonge, maana wengi wa watoto hawa walisubiri safari ya India na orodha ilikuwa ndefu. Watoto wa Unguja na Pemba, wengi wamepelekwa Holon, Israeli, na shirika la Save a Child's Heart. Leo mtoto anapasuliwa Muhimbili palepale. Kisingizio cha "hata tukigundua tutampeleka wapi" kimekufa, tukizike.

Na vile vipima oksijeni vya kubana kidoleni, vilivyojaa tele wakati wa UVIKO, viko wapi? Najua, kabatini. Kile cha mtu mzima msimbane mtoto mchanga, kitawadanganya. Kipo cha kuzungusha kwenye kiganja na wayo. Mtoto akitimiza saa 24, kabla hamjamruhusu, pimeni mkono wa kulia na mguu mmoja. Mkipata asilimia 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu haizidi 3, mwacheni aende. Chini ya 90 popote, hatoki. Katikati, rudieni baada ya saa moja. Marekani walikiweka kipimo hiki kwenye orodha ya vipimo vya watoto wote wachanga mwaka 2011. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapotoka mbio, mshipa uliobanwa unaweza kukipita kipimo hicho. Ndiyo maana naimba vidole, vidole.

Ipo pia dawa ya kuifungua tena njia ya panya, prostaglandini, imetumika kwa wachanga tangu miaka ya 1970. Inakaa kwenye friji, inakwenda kwa dripu, na mtoto anaweza kusahau kupumua akiwa juu yake, kwa hiyo aangaliwe. Ninyi mnaotoka wilayani, nani anayo kwenye friji yake, anyooshe mkono. Naam. Mganga mkuu yuko hapa, na mikono ameiona.

Kimeo. Nilitaka kuzungumza kirefu kuhusu kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, naona simu imeshainuliwa mezani. Kwa kifupi basi: mtoto anahema, hanyonyi, anakohoa, anapelekwa kwa fundi kukatwa kimeo. Kimeo hakina hatia. Nimempokea mtoto mwenye moyo uliopanuka, anatoka damu kooni, mambo mawili kwa mpigo. Wenye watoto wa Down, karibu nusu yao wana kasoro ya moyo, wapimwe wote hata wakionekana wazima. Bluu msiitafute kwenye ngozi zetu, itafuteni kwenye ulimi na fizi. Na ninyi akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango, ambulensi isisubiri kikao cha ukoo. Mama aende, kikao kimfuate. Habari ya gharama na ustawi wa jamii aniulize mtu mmoja mmoja hapo nje.

Dakika mbili? Zinatosha. Mama uliyevaa dera la kijani, naomba mwanao, mlaze hapa mezani. Ana wiki ngapi? Tatu, mashallah. Haya, manesi wawili njooni, wewe na wewe. Na wewe baba yake, njoo, usiogope. Nyosha mguu wake kidogo, mtoe pampasi upande huu. Vidole viwili, hapa, katikati ya mkunjo wa paja. Usibonyeze! Ukibonyeza unauziba mshipa, halafu unaniambia hakuna. Weka tu, kama unaweka kidole juu ya maji. Subiri. Anarusha miguu, ndiyo, mwache amalize. Subiri.

Umesikia? Haya, sasa mguu wa pili.