Taa Inawaka, Seva Haipatikani

Hujambo mtazamaji, karibu. Leo niko Lamu, mji wa kale, ghorofa ya juu ya nyumba ya wageni karibu na Usita wa Mui. Ndani ya kabati hili mna seva, kompyuta inayotunza daftari la wageni, na chini yake swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo. Hii ni swichi ya kusimamiwa, ile unayoweza kuingia ndani na kuipa amri. Tangu asubuhi kompyuta za mapokezi zinaonana zenyewe kwa zenyewe. Seva ndiyo haipatikani.

Kibodi iache kwanza. Tazama taa ya poti, yaani tundu la kebo, upande wa swichi na upande wa seva. Hapa zote mbili zinawaka, kwa hiyo waya unapitisha. Kwako zikiwa zimezima, chomoa kebo uikague.

Ngoja nisogeze kamera. Kichwa hiki cha kebo nilikikata wiki iliyopita kijijini Shela. Unaona ule ukijani kwenye pini ya tatu? Ni kutu ya shaba. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na shaba inalika polepole. Usikwangue kwa kisu! Dhahabu iliyopakwa juu ya pini ni nyembamba mno, ukiitoa umeikaribisha kutu. Kata kichwa, bana kipya. Mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B, kutoka kushoto, ulimi wa kichwa ukiwa chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe hivyo hivyo. Gigabiti hutumia nyaya zote 8, ilhali kasi ya megabiti 100 hutosheka na 4, kwa hiyo waya mmoja ukikatika kasi inaweza kushuka bila taa kuzima. Na kebo isizidi mita 100. Iliyopitishwa juu ya boriti, ifuate yote kwa mkono, maana panya nao wana kazi zao.

Turudi kwenye seva. Andika amri ip link. Ukiona NO-CARRIER, yaani hakuna mawimbi, rudi kwenye waya. Mimi naona UP, yaani iko hai. Kisha ethtool pamoja na jina la kadi ya mtandao: naona kasi ya megabiti 1000, kutuma na kupokea kwa pamoja. Vizuri. Kosa la kawaida hapa ni upande mmoja kufungiwa kasi ya 100 kwa mkono na mwingine kuachwa ujichagulie. Huo unaojichagulia huangukia kwenye kupokezana zamu, na mtandao unakuwa wa kukokota. Acha zote zijichagulie.

Sasa swichi. Naingia kwa kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta yangu na swichi moja kwa moja, kasi biti 9600 kwa sekunde, kwa sababu siwezi kuutegemea mtandao ninaoushuku. Naandika show interfaces status. Ukikuta disabled, kuna mtu aliifunga poti. Ukikuta err-disabled, swichi imeifunga yenyewe, basi tafuta sababu kabla ya kuifungua. Yangu inasema connected... lakini angalia safu ya VLAN, yaani kundi la poti lililotengwa kama mtandao wake ndani ya swichi ileile. Poti ya seva iko VLAN 1, na mapokezi wote wako VLAN 20. Majirani wa ukuta mmoja, mlango hakuna.

Jana usiku umeme ulikatika. Poti hii ilihamishiwa VLAN 20 miezi iliyopita, na fundi akasahau kuhifadhi. Fundi mwenyewe ni mimi, usicheke. Swichi ilipowaka ikasoma mpangilio wa zamani.

Naingia kwenye poti: switchport mode access, halafu switchport access vlan 20. Kama seva yako inabeba VLAN kadhaa zenye lebo, poti yako itahitaji mode trunk, na lebo zilingane pande zote.

Halafu subiri. Swichi hukagua kwanza kama kuna mzunguko, yaani njia ya kebo inayojirudia yenyewe, sekunde 15 na 15 nyingine. Wengi huchomoa kebo hapa kwa pupa, na hesabu inaanza upya. Sasa ping, amri ya kuuliza seva kama ipo, kutoka kompyuta ya mapokezi... inajibu.

Sijamaliza. Nahifadhi mpangilio wa sasa uwe ndio unaosomwa swichi inapowaka: copy running-config startup-config. Na ili niamini, nachomoa umeme wa swichi makusudi. Hesabu nami. Taa zimerudi, poti iko VLAN 20, na huko chini nasikia, "Fundi, daftari limefunguka!"