Kabla ya makofi: watetezi wa haki za mtandaoni na kazi waliyoifanya
(Mhadhara uliotolewa Arusha, jioni ya kuwatunuku watetezi)

Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika chache kabla ya ngao kugawiwa, na amenionya nisizungumze kama mwanasheria. Nitajitahidi. (Kicheko.)

Kumtunuku mtu sisi tunajua: ngao, makofi, picha ya pamoja, pilau. Lakini muulize aliyepiga makofi huyu kafanya nini hasa. Atakwambia, "Anatetea haki." Ipi? Kwa kifungu gani? Mbele ya nani? Kumuenzi mtu bila kujua majibu hayo ni kumpongeza bure.

Chukueni mfano wa Maxence Melo. Wengi mnamkumbuka kama yule wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, aliyekamatwa Desemba 2016. Tunachokisahau ni kwamba kabla ya pingu kulikuwa na barua. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru mtu atoe data kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwanza kwa hakimu. Yaani OCS, huyo mkuu wa kituo, anaandika, wewe unatoa. Melo na mwenzake Mike Mushi hawakutoa. Mwaka huohuo wa 2016 kampuni yao ilikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hicho. Kifungu kikabaki, kesi za jinai zikaja, miaka ikapita wakipanda na kushuka ngazi za mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Mwaka 2019 CPJ, kamati ya kuwatetea waandishi yenye makao New York, ikampa Melo tuzo yake ya kimataifa.

Waliolindwa ni akina nani? Hatuwajui. Ndiyo maana yake hasa: tungewajua, kazi ingekuwa imeshindikana.

Kuna wengine hata picha zao hamjawahi kuziona. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilipomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili kwa leseni na ada zake, mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari yalifungua shauri Mtwara. Mtwara, siyo Dar! Mwezi Mei wakapata zuio la muda. Halikumaliza mwezi. Lakini mtu aliyekesha akiandika hati ile ya kiapo, kwangu mimi, anastahili kiti cha mbele.

Sasa tuje nyumbani. Mji huu una mahakama mbili ambazo Afrika nzima inazisoma. Ya kwanza, Mahakama ya Afrika Mashariki, ndiyo iliyosema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Waliokwenda pale ni Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC). Mlango ule uko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi za Jumuiya, ila una sharti kali: miezi miwili tangu jambo litendeke au ulijue. Ukichelewa, umekwisha. Wanafunzi wa sheria, hiyo iandikeni.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi na asasi kuipelekea shauri moja kwa moja, na uondoaji ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama iko hapahapa, na mkazi wa Sakina hawezi kuifungulia shauri jipya dhidi ya serikali yake. Mimi hilo linaniuma kuliko kifungu cha 32.

Mwisho, mtunukiwa wa kwanza. Mnazijua programu za mikopo ya simu: unachelewa kulipa, mjomba wako na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zisizo na leseni. Dada huyu wa Ngarenaro alikaa na akina mama wa sokoni, akakusanya picha za zile jumbe, tarehe na namba, akawaandalia malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya 2022. Hakuna kamera iliyomfuata. Majibu bado hayajaja.

Mwenyekiti, mwite.