Mheshimiwa, Tunaomba Hesabu

MWALIMU: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na kokote mnakotusikilizia. Kamwene! Leo niko na Wakili wetu, amepanda basi la alfajiri kutoka Mbeya.

WAKILI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, binti yangu. Pole na safari.

WAKILI: Nimeshapoa, asante. Na wa Rungwe na Kyela, ugonile. Mwalimu, jumbe mlizotutumia wiki hii ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo moja: Mkristo anaruhusiwa kumhoji kiongozi wa serikali? Mtu anasoma Warumi 13, pale panapoagiza kutii wenye mamlaka, anafunga Biblia, ananyamaza.

MWALIMU: Anaishia mstari wa pili. Aendelee mpaka wa nne. Paulo anasema mwenye mamlaka ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Kwa hiyo ametumwa, na kazi aliyotumwa inajulikana: mema, kwako wewe. Zahanati ikikaa bila dawa, au mradi wa maji ukasimama bomba likiwa limefika nusu ya kijiji, aliyetumiwa huyo mtumishi ana haki ya kumuuliza kulikoni. Mimi siioni aya hiyo ikimziba mtu mdomo.

WAKILI: Lakini wengi wamefundishwa hivyo, tangu Sunday School.

MWALIMU: Basi waende 1 Samweli 12. Samweli amezeeka, mfalme ameshapatikana, anang'atuka. Hakuna aliyemshitaki. Yeye mwenyewe anakusanya watu wote, anasimama mbele yao na mbele ya mfalme mpya, anasema: nishuhudieni. Nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa nani? Na anasema yuko tayari kurudisha. Watu wanamjibu, hukutudhulumu. Ndipo anaendelea na hotuba yake. Nabii mzima, aliyetumikia tangu utoto hekaluni, hakuona kwamba kuulizwa ng'ombe ni kuvunjiwa heshima.

WAKILI: Mwalimu, umeuelezea mkutano mkuu wa kijiji.

MWALIMU: Kabisa.

WAKILI: Niseme upande wa sheria, maana watu hawajui uzito wa ule mkutano. Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itawajibika kwa wananchi. Halafu Sheria Namba 7 ya 1982, ile ya serikali za mitaa kwa mamlaka za wilaya, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio chombo kikuu pale kijijini. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Mkutano ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Mapato na matumizi husomwa pale, na hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Sasa mnajua kinachotokea. Akidi haitimii. Watu wako shambani, viazi vinasubiri, au wamesema "aah, wale wameshapanga yao". Wachache waliokuja wanasomewa haraka haraka, wanapiga makofi, wanaondoka. Jioni kilabuni, kwenye ulanzi, ndiyo hesabu inaanza kukaguliwa.

MWALIMU: Na hapo ndipo Wakristo wananishangaza, maana kanisani hatufanyi hivyo. Jumapili, wakati wa matangazo, mhasibu au mzee wa kanisa anasimama: sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa kiasi fulani, ahadi kiasi fulani, mazao yaliyonadiwa yametoa kiasi fulani. Mpaka yale mayai na lile jogoo la mnada! Ikikosewa shilingi elfu tano, bibi wa benchi la mbele ananyoosha mkono. Hakuna anayesema bibi amemvunjia mchungaji heshima. Bibi huyo huyo, Jumatano, ofisi ya kijiji, milioni kadhaa za darasa zinasomwa kwa dakika mbili, naye anatazama chini.

WAKILI: Anaogopa, Mwalimu. Tusimlaumu haraka. Jina lake liko kwenye orodha ya kaya za TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, mbolea ya ruzuku anaandikishwa ofisi hiyo hiyo, mjukuu anahitaji barua ya utambulisho. Kiongozi anayetakiwa kuulizwa na bibi ndiye huyo huyo anayempigia mhuri.

MWALIMU: Hilo ni kweli, na ndiyo maana asiachwe aulize peke yake. Vikundi vya akina mama vya kanisa vipo, kwaya zipo, jumuiya zipo. Watu kumi wakikaa na bibi, wakakubaliana swali, wakalisimamia pamoja, haitakuwa tena habari ya bibi mmoja mkorofi.

WAKILI: Tuje kwenye namna yenyewe ya kuuliza, maana hapo ndipo watu wengine wanaharibu. Wakipata simu tu, wanarekodi sauti: "huyu amekula hela zetu", inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Tunduma. Ushahidi hakuna. Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, kwa hiyo unajiweka pabaya. Pili, umemhukumu mtu kabla hajajibu.

MWALIMU: Na Paulo alilipitia hilo. Matendo 23, kuhani mkuu Anania anaamuru apigwe mdomoni, kinyume cha sheria. Paulo anachemka: Mungu atakupiga wewe, ukuta uliopakwa chokaa! Anaambiwa, huyo ni kuhani mkuu. Anajirudi, anasema imeandikwa usimnenee mabaya mkuu wa watu wako. Ila angalieni, kesi yake hakuiacha. Ukifika sura ya 25 ameshakata rufani kwa Kaisari. Tusi alilifuta, haki yake hakuifuta. Na kule Filipi, sura ya 16, walimchapa yeye na Sila hadharani bila hukumu, asubuhi wakataka kumtoa kimya kimya. Akakataa. Waje wenyewe watutoe. Wakuu wa mji wakaja, wakawasihi.

WAKILI: Kwa hiyo usiseme "umekula". Uliza: tulichanga shilingi ngapi, halmashauri iliongeza ngapi, zimetumika ngapi, risiti ziko wapi, fundi alilipwa lini. Usiguse kabila lake, mke wake, wala tumbo lake. Muite mheshimiwa, maana cheo ni cha kwetu sote, tulikiweka sisi. Kiongozi mwaminifu maswali hayo yanamsaidia, anatoa daftari anajibu. Asiye mwaminifu hana pa kushika ili akuite mchochezi.

MWALIMU: Na umuombee. 1 Timotheo 2 haijafutwa. Ila watu wamegawana: wengine wanaomba tu, wengine wanalalamika tu. Mimi namtaka aliyemwombea diwani wake asubuhi ndiye amuulize mchana.

WAKILI: Kuna mfano uko jirani kabisa nasi. Ukivuka mpaka pale Kasumulu, ukaenda Karonga, Malawi, ni ndugu zetu, lugha tunasikilizana. Malawi ya Kamuzu Banda, rais wa maisha tangu 1971. Kwaresima ya 1992, Jumapili tarehe 8 Machi, maaskofu Wakatoliki walisomesha barua ya kichungaji katika makanisa yao nchi nzima. Haikuwa na matusi. Ilizungumzia utu wa mtu, shule, hospitali, pengo la tajiri na maskini, rushwa, na watu kuogopa kusema. Maaskofu wakaitwa na polisi wakahojiwa. Lakini maneno yalishasomwa, kwa sauti, mbele ya waumini. Juni 14, 1993, Wamalawi wakapiga kura ya maoni, wakachagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda akashindwa uchaguzi.

MWALIMU: Barua peke yake haikufanya yote.

WAKILI: Hapana, kulikuwa na wanafunzi, wafanyakazi, wafadhili, na Wapresibiteri nao walisema. Lakini watu walihitaji kusikia kwamba inawezekana kusema. Hata kwetu tumeona: waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kilutheri wa KKKT mwaka 2018, tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu mkataba wa bandari Agosti 2023. Unaweza usikubaliane na kila mstari, na wapo waumini ambao hawakukubaliana. Ila zilikuwa na sahihi, zilitaja jambo, zilitoa sababu.

MWALIMU: Sasa niguse panapouma. Harambee. Tunajenga kanisa, tunaalika mgeni rasmi, kiongozi. Anakaa mbele karibu na madhabahu, anapewa kipaza sauti katikati ya ibada, anatoa bahasha, anaahidi mifuko ya saruji, vigelegele. Mwaka unaofuata barabara ya kata imekatika, mnataka kumuuliza. Nani atafungua mdomo? Mchungaji anakumbuka bati. Mimi nasema kiongozi aje aabudu kama sisi, sadaka yake aitumbukize kwenye kapu kama sisi, kiasi kisitangazwe kwa jina lake, na kipaza sauti ibadani asipewe.

WAKILI: Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja, Mwalimu. Ukimnyima nafasi kabisa, mmepoteza saa moja ya kumpata. Wengine hawaonekani mpaka kampeni.

MWALIMU: Ibada si mkutano wa hadhara.

WAKILI: Sawa, ibada iishe. Watu watoke, wakae ukumbini au chini ya mti, kiongozi akaribishwe, aeleze, aulizwe. Na walioandaa waseme mapema kwenye barua ya mwaliko kwamba kutakuwa na maswali, asije akaviziwa.

MWALIMU: Hiyo naikubali. Ila bahasha bado siitaki.

WAKILI: Bahasha hata mimi siitaki.

MWALIMU: Kuna msikilizaji kutoka Mufindi, jina tunalihifadhi. Anasema mwenyekiti wa kijiji chao ni mzee wa kanisa lake, na michango ya madawati haijasomwa tangu mwaka jana. Akiuliza kwenye mkutano, anaambiwa Mathayo 18 inataka amfuate faraghani. Wewe unasemaje?

WAKILI: Kwanza nikuulize wewe, maana nawe ni mzee wa kanisa.

MWALIMU: Mathayo 18 inahusu ndugu aliyekukosea wewe. Madawati ni ya watoto wa kijiji kizima, na hata wasio Wakristo wamechanga. Faraghani anaweza kwenda kwa upendo, amwambie: mzee, nitauliza jambo hili mkutanoni, jiandae na vitabu. Hiyo ni adabu. Lakini jibu litolewe mbele ya waliochanga. Na 1 Timotheo 5 inataka mashahidi wawili au watatu kwa shitaka juu ya mzee, kwa hiyo asiende na hisia. Aende na stakabadhi zake na za wenzake.

WAKILI: Na aandike. Barua kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa ndiye katibu, nakala kwa mtendaji wa kata. Aombe taarifa ya michango ya madawati, mapato na matumizi, kwa tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibiwa. Apeleke nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, arudi nayo nyumbani. Wasaini watu kadhaa. Na kama kuna dalili za wizi wenyewe, si uzembe wa kusoma taarifa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

MWALIMU: Na mwenyekiti akisoma hesabu, na zikawa safi?

WAKILI: Basi msikilizaji wetu asimame mkutanoni pale pale aseme zimekuwa safi, na ashukuru kwa sauti ile ile aliyoulizia.

MWALIMU: Amen. Wiki ijayo tutafungua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, sehemu ya serikali za mitaa, tuone inavyosomwa na mtu asiye mhasibu. Atakayekuwa na nakala ya halmashauri yake aje nayo.