Kufuta Hakutoshi: Kuzuia Vifurushi Tusivyovitaka kwenye Linux

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu vifurushi, yaani programu na sehemu zake zilizofungwa tayari kusakinishwa: "Kile kifurushi nilikiondoa, nikasasisha kompyuta, nikakikuta kimerudi." Anayesema hivyo hakukosea amri. Alifuta, na kufuta kunaondoa kilichopo leo tu. Kidhibiti cha vifurushi, yaani programu inayosakinisha na kuondoa nyingine, hakikuambiwa neno lolote kuhusu kesho, na kesho programu nyingine ikikihitaji, kitaletwa tena.

Basi kabla ya kugusa chochote, ulizeni: nani amekileta? Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zake (kila aina hizi za Linux huitwa usambazaji), amri ya aptitude why, ikifuatwa na jina la kifurushi, hukuonyesha mnyororo wa waliokivuta. Aptitude yenyewe huenda ukalazimika kuisakinisha kwanza. Mara nyingi utakuta hakuna aliyekihitaji, kilipendekezwa tu. Debian hutenganisha mambo haya mawili. Kinachotegemewa kisipokuwepo, programu haisakiniki. Kinachopendekezwa kisipokuwepo, programu inaendelea na kazi. Ila tangu Debian 5.0, iliyotoka Februari 2009, APT, kidhibiti cha vifurushi cha Debian na jamaa zake, husakinisha na vinavyopendekezwa bila kukuuliza. Ukiongeza --no-install-recommends kwenye amri, utapata ulichoomba na vile ambavyo hakiwezi kukaa bila hivyo. Kwa watu wa Fedora, usambazaji mwingine, mstari install_weak_deps=False kwenye dnf.conf, faili la mipangilio ya kidhibiti chao, hufanya kazi hiyohiyo. Mimi simshauri mgeni wa Linux azime mapendekezo yote kwa mpigo, maana atajikuta hana vitu alivyovitaka bila kujua vinaitwaje. Itumieni kwa kifurushi kimoja kimoja.

Sasa tufike kwenye kuzuia kwenyewe, na mfano bora ninaoujua unatoka Linux Mint, usambazaji uliojengwa juu ya Ubuntu. Kuanzia Ubuntu 19.10, kifurushi cha kivinjari cha Chromium kilibaki ganda tupu: ukiomba kivinjari kwa APT, ganda lile linaleta snapd, programu inayoendesha mfumo mwingine wa vifurushi uitwao snap, kisha kivinjari kinakuja kama snap. Watunzaji wa Mint walipinga APT kutumika kuingiza mfumo mwingine wa programu bila idhini ya mtumiaji, tena mfumo ambao duka lake liko mikononi mwa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, peke yake. Mint 20 ilipotoka Juni 2020, ilikuja na faili dogo liitwalo nosnap.pref, ndani ya /etc/apt/preferences.d, lenye mistari hii:

Package: snapd
Pin: release a=*
Pin-Priority: -10

Uzito wote uko kwenye hiyo namba hasi. Kipaumbele kikiwa chini ya sifuri, APT haitakisakinisha kifurushi hicho hata kikitakiwa na kingine. Na hicho kinachokitaka nacho kitakwama, mbele ya macho yako, kwa ujumbe wa kosa. Wapo wanaouona ujumbe huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa haki ya mwenye kompyuta, kwa sababu uamuzi uliokuwa ukipita kimyakimya sasa unaletwa mezani kwake. Anayeitaka snap analifuta faili lile, na njia iko wazi.

Msichanganye kizuizi hiki na apt-mark hold. Hold hugandisha toleo ulilonalo. Kama kifurushi tayari kimo, umekibakiza, na zaidi ya hapo umekinyima marekebisho ya usalama. Hilo ni baya kuliko kukiacha kilivyokuwa.

Kuna vitu ambavyo huwezi kuving'oa bila kubomoa nusu ya mfumo, lakini unaweza kuvinyamazisha. Chukueni avahi-daemon, inayotangaza na kutafuta huduma kwenye mtandao wa ndani. Wengi huandika systemctl disable wakaridhika. Disable inaondoa viungo vya kuianzisha mashine inapowaka. Huduma bado inaweza kuamshwa na nyingine, au na soketi yake, yaani mlango wa mawasiliano unaosubiri maombi. Amri ya mask ndiyo inayoielekeza /dev/null, shimo tupu la Linux, isiwezekane kuamshwa. Ifanyieni hivyo avahi-daemon.service pamoja na avahi-daemon.socket.

Na systemd yenyewe, programu inayowasha na kusimamia huduma zote hizi? Najua wapo humu waliokuja kwa ajili ya swali hilo. Kamati ya kiufundi ya Debian iliichagua Februari 2014, Debian 8 ikatoka nayo mwaka uliofuata, na waliokataa wakaunda Devuan, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2017. Usambazaji wa Void hutumia runit badala ya systemd, na ule wa Alpine hutumia OpenRC. Kama pingamizi lako linafika hadi kwenye mchakato namba 1, yaani programu ya kwanza kuanza mashine inapowaka, usipigane na usambazaji wako kila unaposasisha. Hamia kwa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, uwaunge mkono.

Mwisho, mambo mawili ya mikono. Kabla ya kuondoa chochote, endesheni apt-get -s remove na msome orodha yote. Hiyo ni majaribio tu, haigusi kitu. Mkiona kifurushi kinachobeba mazingira yote ya mezani kimo kwenye orodha, simameni, mtumie apt-mark manual kwa vile mnavyotaka vibaki. Na mnapoandika faili la kuzuia, wekeni juu yake mstari unaoanza na Explanation:, ambao APT huupuuza, mkieleza mlizuia nini na kwa nini. Atakayekutana na ule ujumbe wa kosa mwaka kesho ataanzia hapo.

Nakaribisha maswali.