Gesi ya Marcellus, Pennsylvania: Nani Analipwa na Nani Anabaki na Maji Machafu

Haya ndugu zangu, hili swali sasa limekuwa kama kiitikio cha taarabu. Hata nikiweka video ya theluji, chini linakuja lilelile: "Huko Pennsylvania watu wanalipwa kwa gesi iliyo chini ya mashamba yao, mbona kuna wanaoipinga? Wameshiba nini?" Nikisema hela ipo, naambiwa naringa kwa mali za watu. Nikisema matatizo yapo, naambiwa nimezidi kulalama, nipande ndege nirudi. Leo nalijibu mara moja, kwa namba. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Tunazungumzia Marcellus, lililo chini ya jimbo la Pennsylvania, Marekani: tabaka la mwamba wa tope lililoganda, kina cha kilomita moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Kiingereza chake ni shale. Sitaliita sheli, kuna mtu atadhani nauza petroli. Mwamba huu una gesi, ila vitundu vyake ni vidogo mno, gesi haitembei hadi uupasue. Kwa hiyo wanachimba kwenda chini, wanakunja, wanaendelea kilomita mbili tatu kwa ulalo ndani ya tabaka lenyewe. Wanatoboa bomba kwa baruti ndogondogo, sehemu kwa sehemu, halafu wanasukuma maji, mchanga na kemikali kwa presha kubwa. Mchanga unabaki kwenye nyufa ili zisijifunge. Hiyo ndiyo frakingi.

Kupasua mwamba si jambo la jana, majaribio yalifanyika Kansas mwaka 1947. Kilichokuja baadaye ni kampuni ya George Mitchell kule Texas, mwishoni mwa miaka ya 1990, kupata mchanganyiko wa maji mepesi uliofanya kazi ya bei nafuu, kisha ukaunganishwa na uchimbaji wa ulalo. Kwenye Marcellus kazi ilianza mwaka 2004, katika Kaunti ya Washington, Pennsylvania.

Maji: visima vya mwanzo vilitumia lita milioni 15 hadi 20 kimoja, virefu vya sasa vinapita hapo kwa mbali. Makampuni hupenda kusema kemikali hazifiki asilimia 2. Ni kweli. Lakini asilimia 1 ya lita milioni 20 ni lita laki mbili, na hizo zinafika kwa lori, zinahifadhiwa juu ya ardhi, zinamwagika juu ya ardhi. Ukisikia asilimia, uliza asilimia ya nini.

Sasa hela, maana najua mliijia hiyo.

Nyumbani madini ya chini ni ya serikali, basi. Marekani mtu binafsi anaweza kuyamiliki, na anaweza kuyauza akabaki na udongo wa juu tu. Hapo ndipo kilio cha kwanza kinapoanzia. Shamba linaweza kuuzwa mara nne tangu karne ya 19 huku haki za chini zilikwishaondoka kwenye hati ya pili. Wa juu analima na kulipa kodi ya ardhi. Mwenye haki za chini anaweza kuwa mjukuu wa mtu fulani huko California, na cheki inakwenda kwake. Kampuni ina haki ya kutumia sehemu ya juu kwa kadiri inayohitajika kuifikia gesi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tafuta mtu wa kuchambua mlolongo wa hati kwenye ofisi ya kaunti, nyuma mpaka uishe.

Mwenye haki akisaini mkataba anapata vitu viwili. Kwanza malipo ya kusaini kwa kila ekari, mimi nayaita kishika uchumba. Waliosaini mapema walipewa makumi ya dola kwa ekari. Waliosubiri mpaka mbio za kugombania mikataba za 2008, maelfu. Uzio mmoja, gesi ileile. Pili ni mrabaha, yaani fungu lako la mapato ya gesi. Sheria ya Pennsylvania ya 1979 inasema usipungue moja ya nane, yaani asilimia 12.5.

Watu wanasikia 12.5 wanaanza kuagiza gari. Chukueni kalamu. Una ekari 50 ndani ya eneo la uzalishaji (mashamba yaliyounganishwa kugawana gesi inayotoka) la ekari 640. Gawa, unapata 0.078125. Zidisha kwa 0.125, inabaki 0.00976563. Desimali hiyo huandikwa kwenye hati ya mgawo utakayotumiwa, na ikikosewa tarakimu moja unaibiwa miaka yote, kwa hiyo ipige mwenyewe kabla ya kusaini. Tuseme mwezi huo zimeuzwa futi za ujazo milioni 100, dola 2.50 kwa kila elfu. Hiyo ni dola 250,000, fungu lako ni kama 2,441. Lakini kampuni ikikata gharama za kukusanya, kusafisha, kugandamiza na kusafirisha gesi, tuseme dola 1 kwa kila elfu, fungu lako linashuka hadi 1,465. Na hilo halivunji sheria: Mahakama ya Juu kabisa ya Pennsylvania, kesi ya Kilmer, mwaka 2010, ilikubali makato hayo hata yakiufanya mrabaha halisi kuwa chini ya moja ya nane. Kinga ni kifungu kinachosema mrabaha unahesabiwa kwenye mapato ghafi bila makato, na kinaandikwa kabla ya sahihi. Baada ya sahihi utapiga simu mpaka uzeeke.

Cheki ya kwanza pia inadanganya. Kisima cha namna hii hushuka kwa kasi, mara nyingi zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza, halafu kinachuruzika miaka. Na kikichuruzika tu, mkataba wa miaka mitano unaendelea kuwa hai. Bila kifungu cha kuachilia ekari ambazo hazimo kwenye eneo la uzalishaji, kisima kimoja kinaweza kukushikia shamba lote. Bei nayo ni kama bahari: katikati ya 2008 ilipita dola 13, Aprili 2012 ikawa chini ya 2, Agosti 2022 ikapita 9. Mrabaha hutozwa kodi ya mapato, ila kuna punguzo la asilimia 15 kwa sababu rasilimali inapungua, na wengi hawalidai kwa kutojua.

Huyo wa juu asiye na haki za chini anapata nini? Malori. Kaunti na miji inapata mgawo wa ada inayotozwa kwa kila kisima tangu sheria ya 2012. Ni ada ya kisima; ujazo wa gesi iliyotoka hautozwi, na ugomvi wa kila bajeti uko hapo.

Mazingira. Wengi wanadhani nyufa zinapanda mpaka kwenye maji ya kunywa. Kati yake kuna zaidi ya kilomita moja ya mawe, si njia ya kawaida. Panapoharibika ni kwenye saruji. Kisima kina mabomba ndani ya mabomba, na nafasi kati yake hujazwa saruji. Ikishika vibaya, au ikiacha njia pembeni, methani, ndiyo gesi yenyewe, hupanda kandokando ya bomba mpaka kwenye mwamba wa maji. Huko Dimock, Pennsylvania, tarehe 1 Januari 2009, kisima cha maji cha nyumbani kililipuka.

Ndiyo maana kipimo cha maji kabla ya uchimbaji ndicho karatasi ya thamani kuliko zote. Sheria inachukulia kwamba kampuni ndiyo iliyochafua, kama kisima chako kiko ndani ya futi 2,500 na tatizo limetokea ndani ya miezi 12. Kampuni hujitetea kwa kuonyesha kuwa uchafu ulikuwepo, na baadhi ya maji ya huku kweli yalikuwa na methani toka zamani. Kwa hiyo pima mwenyewe: methani, kloridi, bariamu, strontiamu, bromidi na jumla ya chumvi. Tumia maabara iliyoidhinishwa, na mchukuaji wa sampuli awe wa maabara hiyo, asiwe wewe na chupa ya soda. Methani ikionekana, omba kipimo cha isotopu zake (aina za atomi zake), zinatofautisha gesi ya kina kirefu na ya kinamasi.

Halafu maji yanayorudi juu kutoka kisimani. Yana chumvi kupita bahari, na rediamu, yenye mionzi. Huku mengi hutumika tena kwenye kisima kinachofuata. Oklahoma walikuwa wanasukuma maji ya mafuta na gesi chini kwa wingi, ardhi ikaanza kutikisika. Pawnee, Septemba 2016, tetemeko la 5.8. Mengi ya yale hayakutokana na kupasua mwamba, yalitokana na kutupa maji.

Na hewa je? Gesi ilisukuma makaa ya mawe pembeni, na kaboni dioksidi inayotokana na kuzalisha umeme Marekani ikashuka sana tangu 2005. Hilo wapinzani hulipitia haraka. Watetezi nao hupitia haraka uvujaji: methani ina nguvu ya kupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi kwa miaka 20, na utafiti wa 2018 ulikadiria asilimia 2.3 ya gesi inayozalishwa huvuja, juu ya hesabu ya serikali. Sehemu kubwa hutoka kwenye vifuniko vya matangi visivyofungwa vizuri na vali zinazoendeshwa kwa presha ya gesi yenyewe, kila zikifunguka zinapumua kidogo. Kubadili ziendeshwe na hewa au umeme ni kazi ya fundi tu.

Sasa msije mkasema nimewaambia msaini au msisaini. Mkataba wa shamba moja hauhusu la jirani, tafuta wakili wako.

Yule anayeuliza kila wiki kuhusu New York: walitangaza marufuku ya frakingi Desemba 2014, na 2020 ikawekwa kwenye sheria. Kaunti ya Broome, upande wa New York, haipati mrabaha, Kaunti ya Susquehanna iliyo mpakani, upande wa Pennsylvania, inapata, na gesi ya Pennsylvania inapita kwenye mabomba kwenda kupasha moto nyumba za New York.