Mnaniuliza Kila Siku: Filimbi ya Bata Dola 65 ya Nini?

Haya jamani, karibuni. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka zamu ya usiku ghalani, lakini komenti zimenishinda. Swali ni lile lile: "Dada, dola 65 kwa kipande cha mti cha kuitia bata? Na umejuaje ni cha zamani?" Mwingine kaandika kwamba nawaringishia. Siringi. Kodi ya nyumba hapa Memphis, Marekani, inanimaliza, na mwezi ule sikujinunulia kitu kingine. Wala silalamiki, maana nikilalamika mtaniambia nirudi.

Haya, iangalieni. Huu ni mtindo wa Reelfoot. Reelfoot ni ziwa la kaskazini-magharibi mwa Tennessee, lilitokana na matetemeko ya 1811 na 1812, ardhi ikadidimia, maji yakaingia. Bata wa porini hutua pale majira ya baridi. Mafundi wa pale, na anayetajwa sana ni Victor Glodo, walitengeneza filimbi yenye ulimi, yaani kile kibapa chembamba kinachotetema ukipuliza, wa madini, shaba mara nyingi. Za Glodo mwenyewe zinauzwa maelfu ya dola. Hii yangu haina jina, msije mkasema nina hazina.

Kwa hiyo nikishika filimbi yoyote mara ya kwanza, navuta kizibo nione ulimi. Shaba, mpira mgumu mweusi, au plastiki? Plastiki ilikuja baadaye sana. Ila sikilizeni: ulimi ukivunjika mwindaji anaweka mwingine. Filimbi ya zamani inaweza kuwa na ulimi wa juzi, na filimbi ya juzi mtu anaweza kuiwekea ulimi wa shaba. Usilipe kwa sababu ya ulimi peke yake. Mimi naangalia kabari inayoubana, na pale unapolala: pamechongwa kwa kisu au pamesagwa na mashine? Mpira mgumu nao una dalili yake. Ukiusugua kwa kidole unanuka kiberiti, na ukikaa sana juani weusi unageuka kahawia.

Ikiwa na boksi lake, soma anwani. Ikiandikwa "Memphis 4, Tenn." (yaani Tennessee), hiyo 4 ni namba ya kanda ya posta, na namba hizo zilianza 1943. Ukiona ZIP, namba ya posta yenye tarakimu tano, boksi ni la 1963 au baada ya hapo, hata muuzaji aapeje.

Kuna jambo jingine. Zamani wawindaji walifunga bata hai majini ili wawavutie wenzao. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ikapiga marufuku, na 1936 mji wa Stuttgart kule Arkansas ukaanza mashindano ya kuita bata. Bata hai walipokatazwa, filimbi ndiyo ikategemewa zaidi. Basi mtu akikuambia "hii ni ya 1900" bila ushahidi, muulize tena na tena.

Nasema hivi kwa uchungu. Kuna muuzaji aliniuzia moja kwa dola 120, eti ya miaka ya 1920. Nilipoifuta kwa kitambaa, rangi ya viatu ikabaki kwenye kitambaa. Aligoma kurudisha hela. Hizo dola 120 zilikuwa za karo ya mdogo wangu, na kwenye kundi la familia binamu mmoja aliandika maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Karo nililipa, nilichukua zamu za ziada wiki mbili. Hilo hakuliandika.

Na makaratasi! Nilitaka kumtumia baba filimbi ya mti wa cocobolo. Ni ndugu wa mpingo wetu, jamii ya Dalbergia, na tangu 2017 jamii yote iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 walilegeza masharti kwa vifurushi vidogo vya bidhaa zilizokamilika, lakini ukifika dirisha la posta si kila mhudumu anajua. Kifurushi kilirudi kwa sababu sikuandika jina la kisayansi la mti. Nikalipa nauli mara mbili. Kwako inaweza kupita bila shida, mimi nasema yaliyonikuta.

Baba ni fundi wa kukereza, Nachingwea, mpingo ameushika maisha yake yote. Hii ya dola 65 nilimpigia picha tu. Hakuuliza bei. Akasema, "Nipigie ndani ya tundu, uweke tochi." Nikapiga. Akanyamaza, kisha akaniambia: "Huyu alitoboa huku, akageuza, akatoboa na huku. Katikati hazikukutana sawasawa, kuna ngazi ndogo. Kisha akailainisha kwa mkono." Nikaingiza kidole kidogo. Ngazi ipo.

Jumamosi kuna mnada wa vitu vya marehemu karibu na Union City. Nitaenda na tochi.